Wino wa Maji

Kasmir alikuwa ametimiza mwaka wa kumi na moja akiuza na kutengeneza printa kwenye fremu yake ya duka, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Mteja akiingia, kabla hajataja bei, Kasmir humuuliza, "Unataka kuchapa nini?" Mwenye kusafisha picha za harusi humpa ya wino wa maji: rangi zake zinapendeza na kuinunua ni rahisi, ila ikikaa bila kazi wino unakauka, na karatasi ikilowa maandishi yanakimbia. Mwenye steshenari ya kuchapa mitihani humpa ya leza, ambayo wino wake ni unga unaochomwa juu ya karatasi. Hiyo ni ghali, lakini ina kasi, na maandishi yake hayaogopi maji. Hata mawakala wa bandarini bado humfuata kutafuta zile za zamani za kugonga, zenye kelele kama cherehani, kwa sababu ndizo zinazotoa nakala za kaboni kwa mpigo mmoja.

Kwa hiyo hawezi kusema hakujua.

Mwezi wa kwanza, Bi Kuruthumu alikuja na daftari lililofungwa kwenye kanga. Alikuwa mkunga wa Jangwani, mtu mzima sasa, na Angela, binti wa Kasmir, alizaliwa mikononi mwake mwaka ambao barabara ilifungwa na maji. Katika daftari lile aliandika kila mtoto aliyempokea: jina la mama, siku, saa, uzito. Watu mia nne na kumi na wawili. Wengi hawakuwa na karatasi nyingine yoyote, na walipotaka cheti cha kuzaliwa walianza kwake.

"Baba Angela, mchwa wameanza kulila," alisema. "Nichapie, lidumu."

Kasmir aliandika mwenyewe kwenye kompyuta, siku nne, akifurahi kila alipokutana na jina la mtu anayemjua. Siku ya tano Bi Kuruthumu alikuja kuchukua. Leza ilikuwa katikati ya mitihani ya shule moja, na mwalimu amesimama juu yake, anatazama saa. Pembeni kulikuwa na ya wino wa maji, imekaa bure.

"Kama una kazi, naweza kuja kesho," alisema bibi. "Basi la mwendokasi lipo kila siku."

"Hapana, mama, dakika kumi tu."

Zilitoka karatasi ishirini na moja, nyeusi, safi. Bibi alipitisha kidole juu ya mstari wa kwanza. "Haitoki hii?"

"Haitoki," Kasmir akajibu, huku akimgeukia mwalimu. Kisha, kwa kutaka kumsaidia, akaongeza, "Hilo daftari lichome, mama. Mchwa watahamia kwenye hizi karatasi."

Bibi akalichoma kweli. Alimwamini.

Mwezi wa pili kompyuta ya Kasmir iliingiwa na virusi, ikafutwa yote. Kwingine hakuwa ameweka nakala. Wazo la yale majina lilimjia, akalifukuza, maana karatasi si anazo bibi mwenyewe.

Masika ikaingia. Maji yalipanda Jangwani kwa saa tatu, yakafika kwenye godoro la Bi Kuruthumu. Wiki iliyofuata Bi Kuruthumu alisimama tena mlangoni pa fremu, ameshika kabrasha lililovimba.

"Nisomee, baba. Macho yangu yamekuwa mabaya, naona ukungu mtupu."

Kasmir alifungua. Karatasi zilikuwa zimegandana, na kila ukurasa ulikuwa na wingu la kijivu lililokimbilia pembeni. Macho ya bibi hayakuwa na tatizo.

"Yamefutika, mama. Maji."

"Kosa langu," alisema bibi taratibu. "Ningeliweka juu ya kabati."

Hapo ndipo Kasmir alipotakiwa kusema. Badala yake alimvutia kiti, akamwagizia chai, akampa pole. Jioni hiyo akiwa nyumbani alikuta barua aliyoiandika kwa kalamu ya kawaida, kama ile ya daftari, miaka mingi nyuma, imewahi kulowa, na herufi zote zimesimama. Daftari lingepona. Lingechakaa, lingenuka tope, lakini lingesomeka.

Alivumilia wiki tatu. Siku ya Jumamosi akaenda Jangwani. Alimkuta bibi uani na dada mmoja aliyeitwa Blandina, aliyekuja kuulizia siku yake ya kuzaliwa ili apate pasi ya kusafiria. Bibi alimkumbuka mama yake, alikumbuka kwamba mtoto alitanguliza miguu. Mwaka haukumjia akilini. Blandina aliaga, na Kasmir akaketi mahali pale pale alipoinuka yule dada, akaeleza yote: leza, mwalimu, ule wino, ule ushauri wa kuchoma.



"Nilikuambia naweza kuja kesho," alisema Bi Kuruthumu.

Kasmir alitamani bibi amtukane.

Tangu siku hiyo alikwenda kila Jumamosi na kalamu. Bibi hakumkataza. Alitaja akina mama mmoja mmoja, na wengine walipigiwa simu. Yalifika majina mia moja hamsini na saba, mengi bila tarehe, mengine ya kubahatisha. Kisha Jumamosi moja bibi akakunja mkeka. "Basi, mwanangu. Waliobaki siwaoni tena."

Kasmir aliyachapa kwa leza, nakala tatu. Moja ipo dukani. Mara moja moja mtu hutokea, kaelekezwa kutoka Jangwani, akataja jina la mama yake. Kasmir huzima kelele za mashine, hupitia orodha mstari kwa mstari, hata pale anapojua tayari kwamba hayumo.