Firigisi ya Mzee Ogutu

Ilikuwa mwaka wa 2023, katikati ya mvua za masika, Zilpa, fundi cherehani wa Matayos, alipofariki dunia kwa kusakamwa na punje ya hindi la kuchemsha huku akisoma riwaya ya mapenzi. Aliiona mbovu tangu sura ya kwanza. Pengine ndiyo sababu aliadhibiwa kwa kuzaliwa upya ndani yake.

Wala hakupewa nafasi ya heshima. Alifumbua macho akiwa Brendah, dada mkubwa na mwovu wa Selpha, shujaa wa riwaya, katika nyumba ya mama yao, Mama Benedetta, mjini Busia. Mwisho wa Brendah aliujua barabara. Siku wakwe wajapo kutoka Malaba kumposa Selpha, Brendah angeiba firigisi ya kuku; mjomba wa bwana arusi angekosa kipande chake cha heshima, angeondoka kwa hasira, posa ingevunjika, na Brendah angefukuzwa akafie mvuani kati ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka.

“Mimi siibi firigisi,” Zilpa aliwaza asubuhi ya posa, akimenya vitunguu. “Hata siipendi. Ni kama kutafuna ndara.”

Asilolijua ni kwamba kila alichowaza kilisikika kwa wote waliokuwa karibu, wazi kama tangazo la kanisani. Mama Benedetta alikuwa akimsikia tangu Jumatatu, akanyamaza. Alidhani ni mashetani, na mashetani wanaoosha vyombo bila kuombwa si wa kukemewa.

Wageni walifika saa saba. Mjomba, Mzee Ogutu, akakalishwa kwenye kiti kikubwa, na Quinton, bwana arusi, pembeni yake. Jikoni, Zilpa alifunua sufuria. Akakoroga. Akakoroga tena.

“Mapaja, mabawa, mgongo... Firigisi iko wapi? Ee Mungu, Selpha amenunua kuku wa dukani, aliyekwisha kupasuliwa na kutiwa mfukoni! Malaika wetu huyu, anayelia kwa madaha kila sura, hajawahi kumchinja kuku maishani mwake. Na atakayefukuzwa ni mimi. Kule sebuleni yuko mzee mwenye soksi za rangi mbili, anasubiri kutukanwa!”

Sebuleni, Mzee Ogutu aliitazama miguu yake. Quinton akakohoa.

“Selpha, mwanangu,” Mama Benedetta aliuliza taratibu, “kuku ulimtoa wapi?”

“Dukani, Mama. Alikuwa safi kabisa.”

“Safi mno,” akasema Mzee Ogutu.

Zilpa alikwisha kutoka mlango wa nyuma kwenda kwa jirani yao, Nusura. Kabla hajapiga hodi, Nusura alikuwa uani, jogoo mkononi.

“Bilal! Lete kisu!” Nusura alimwita mumewe. “Dada Brendah, jogoo huyu ni wa mkopo. Kesho nataka mwingine.”

“Umejuaje shida yangu?”

“Mtaa mzima umejua. Unawaza kwa kelele, dada! Na ulivyoiwaza biriani yangu juzi, nilisikia pia.”

Zilpa alitamani kufa mara ya pili. Lakini jogoo alikwisha kuchinjwa, na mtu hawezi kufa akiacha nyama mbichi. Saa moja baadaye alipiga magoti mbele ya Mzee Ogutu, firigisi juu ya sahani.

“Usiwaze soksi. Usiwaze soksi. Usiwaze soksi.”

“Ni nyekundu na buluu, binti yangu,” akasema Mzee. “Nilivaa gizani.”

Akaitafuna firigisi polepole, huku nyumba nzima ikimtazama taya.

“Nimekwenda posa nyingi,” alisema hatimaye. “Hii ndiyo ya kwanza niliyoambiwa ukweli kabla ya chakula. Mama Benedetta, tumekubali. Na huyu mkubwa msimfukuze. Nikitaka kujua habari za nyumba hii, nitakaa tu karibu naye.”

Selpha alilia. Kwa madaha.

Asubuhi iliyofuata, Zilpa alirudi kutoka sokoni na jogoo mnene kuliko wa jana. Nusura alikuwa akimngoja mlangoni.

“Nimekusikia tangu barabarani,” akasema, “ukibishana na nafsi yako kama ungemnunua yule mwembamba.”

“Na nani alishinda?”

“Nipe jogoo wangu, dada.”

Zilpa akamkabidhi.