Mwenye Mifupa ya Eberhadi

Mama alitema mate ndani ya kichupa cha kupimia undugu, akakiinua mwangani, akauliza kama yametosha au aongeze. Friederike, aliyekuwa amepiga magoti mbele yake mkekani, akasema yametosha, asante sana Mama Asenath. Kiswahili chake alijifunza darasani, kila neno limepigwa pasi. Mimi nilisimama mlangoni nikiwaza: haya, Charity, kuanzia leo hujui wewe ni nani.

Maana hadi siku hiyo nilijua. Sisi wa nyumba ya Eberhadi hapa Hewani ni wajukuu wa Mjerumani aliyekuja enzi Wajerumani walipokuwa Witu, akapewa shamba kando ya mto, akafa kwa homa. Baba yake mama alibeba jina lake. Shuleni waliniita Mjerumani, nami, mweusi tititi, nilikuwa nikijigeuza mbele ya kioo nikiitafuta ile pua. Binamu yangu Gershom ndiye aliyemsimulia mtafiti mmoja, mtafiti akaitia habari mtandaoni, na Friederike von Trassenhorst, wa ukoo wa huyo Eberhadi, akaisoma huko kwao Ujerumani, akapanda ndege.

Alikuja na ukoo wake wote umekunjwa mkobani. Aliutandaza mkekani, karatasi pana kuliko kitanda, akatuonyesha matawi: tawi la ngome, tawi lililobadili dini likafukuzwa, tawi lililohamia Hungaria. Matawi makubwa mawili yalitokana na mapacha, na mkunga akafa kabla ya kusema nani alitangulia kuzaliwa. Basi wakashtakiana, vizazi na vizazi, wakigombea ukubwa.

"Si wangemwuliza mama yao?" mama akasema.

Kuku akapita juu ya Hungaria. Nilimwonea huruma yule dada. Baba yake alikuwa mgonjwa mahututi, na katika tawi lao walibaki wao wawili tu. Kwingine kulikuwa na misalaba midogo midogo, maana yake hapa waliishia. Eberhadi naye alikuwa na msalaba wake, ila pembeni Friederike alikuwa ameongeza alama ya kuuliza kwa penseli. Alama hiyo ndiyo sisi.

Sasa, kilichotukosesha usingizi si karatasi, ni mto. Mafuriko yalikuwa yamekula ukingo hadi karibu na kaburi la Eberhadi. Mvua nyingine ikinyesha huko bara, angekwenda na maji. Kuhamisha mifupa si jambo geni kwetu, kijiji chenyewe kimeshahama. Lakini katika nyumba yetu sharti ni moja: mifupa ya mtu huinuliwa na watu wake. Asiye wake akiigusa, ameiba. Na Gershom, ambaye kiherehere chake ndicho kilichotufikisha hapo, sasa akajifanya hakimu.

"Dada, tungoje majibu," alisema. "Tukiwa si wake, hatuna mkono pale."

Tukangoja. Mto haukungoja.

Majibu yalikuja kwa simu. "Hakuna undugu wa damu, Charity," Friederike alisema. "Hata kidogo. Pole sana." Nikasema asante, kama mjinga. Nilipomwuliza mifupa tuifanyeje, akasema hajui.

Nilimkuta mama anapepeta mchele, nikamwambia. Nilitarajia machozi. Yeye akaendelea kupepeta.

"Baba yangu alizaliwa Eberhadi ameshazikwa," alisema. "Wazee waliona mgeni hana mtoto, kaburi litalala bila mwenyewe. Mtoto aliyefuata kuzaliwa wakampa jina lake, jembe lake na lile shamba. Akawa mwanawe."

"Kumbe ulijua si damu! Na mate ulitema ya nini?"

"Aliniomba kwa adabu."

"Mama jamani! Mbona hukusema?"

"Nilisema. Mliuliza sisi ni wa nani, nikawaambia."

Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Kama si babu yetu, kwa nini nimepalilia kaburi lake tangu utotoni? Na kama ni babu yetu, ile simu ilikuwa inaniambia nini? Hadi leo nikisimulia hapa napotea. Nilimwendea Gershom nikamweleza yote, naye akakuna kidevu mpaka nikataka kumzaba kofi.

"Kwa hiyo ni wetu au si wetu?"

"Sijui, kaka! Ninachojua ukingo ulianguka tena jana."

Akaenda kuchukua jembe.

Tulichimba asubuhi iliyofuata, Gershom kwa jembe, mimi kwa mikono. Mama aliletwa kwa bodaboda, akatandika leso yake mwenyewe. "Babu, tunahama," akasema, hivi hivi tu, kama anayemwamsha mtu. Mifupa ilikuwa michache, rangi ya chai. Gershom alilia.

Simu ikalia. Friederike: baba yake amefariki. Nilimpa pole kwa moyo wote, nikamwambia tulipo na tunachofanya. Kisha akaniomba jino moja. Alitaka lipimwe. Huenda wazee walikosea, alisema, huenda aliyelala pale si Eberhadi, na Eberhadi alikwenda zake akazaa kwingine. Nilimwona kama ninavyokuona wewe, peke yake kwenye ile karatasi pana, msalaba huku na msalaba huku. Nikamwambia ndiyo, nitakutumia. Jino lilikuwa pale juu ya leso. Nililitia mfukoni mama akiwa ameangalia pembeni.

Tulimshusha kwenye kaburi jipya, mbali na maji, nyuma ya migomba ya mama. Gershom akaanza kurudishia udongo. Mimi nilikuwa nimelishika lile jino mfukoni, limepata joto la mkono wangu. Nikawaza: wakisema huyu si Eberhadi, basi tuliyembeba ni nani? Mto ukirudi, nani atathubutu kumwinua?

"Ngoja, kaka," nikasema.

Nikashuka shimoni, nikalichomeka jino penye kichwa, nikalifunika udongo kwa kiganja.

"Umeangusha nini humo?" mama akauliza.

"Sijaangusha kitu, mama. Nilikuwa nimemshikia."