Antena ya Dwomoh

Amponsah aliingiza gari lake la Pijo gerejini huku redio ikipiga kelele, kisha akapuliza honi mara tatu, utadhani mafundi wote wa mtaa wa Suame ni viziwi. Serwaa alikuwa amejikunja chini ya dashibodi ya lori la mteja, koleo mdomoni. Honi ile aliijua kabla hajainua kichwa. Waliifunga wenyewe, yeye na marehemu mumewe, Dwomoh.

"Mke wangu!" Amponsah aliita. "Toka basi, mumeo nimekuja!"

Kwa Waashanti mpwa ana ruhusa ya kumtania hivyo mke wa mjomba wake, maana mjomba akifa mali humwendea mpwa, si mjane. Sawa, utani ni utani. Lakini huyu mpwa wa Dwomoh alibeba mali kwanza ndipo akaleta utani, na Serwaa hakuwa na mbavu za kumchekea.

Siku ya maziko ya Dwomoh, Serwaa alikuwa ameshafungua mlango wa hiyo hiyo Pijo, yuko ndani ya nguo nyekundu ya msiba, macho yamemvimba. Amponsah akaushika mlango mbele ya ukoo mzima. "Mke wangu, hili gari lina mwenyewe sasa. Nyuma kuna nafasi." Nyuma ilikuwa barabara ya vumbi na watu wa kwenda kwa miguu. Akaenda kwa miguu. Wapo waliocheka, wapo waliojifanya wanatazama viatu vyao. Mtu mmoja tu ndiye aliyemfuata na kikombe cha maji, mama mkwe wake, Eno Pokuaa. Na sasa Eno Pokuaa naye alikuwa amefariki, anazikwa Jumamosi.

"Unataka nini?" Serwaa aliuliza akijifuta mikono.

"Niondolee hii fimbo." Amponsah aliipiga kofi antena, ikatikisika. "Ndefu hivi ya nini, nachunga mbuzi? Wenzangu wote wana zile fupi nene, kama kidole gumba. Jumamosi naongoza msafara wa bibi, sitaki kuchekwa."

Serwaa aliitazama antena. Dwomoh ndiye aliyeizungushia utepe wa buluu pale chini, na ncha yake ilipinda siku alipopita chini ya lango la kanisa bila kuishusha. Aliitazama, akakumbuka jambo. Katika ukoo ule, gari la mbele msibani ni lile linalopeperusha kitambaa chekundu kwenye antena. Kisipopepea, hatoki mtu uani. Mwaka juzi, Dwomoh alipozikwa, kitambaa hicho alikifunga yeye kwa mikono yake, kabla hajafukuzwa mlangoni.

Akafungua mdomo amwambie. Haki ya Mungu, alitaka kumwambia.

"Na usinikwaruzie rangi," Amponsah alisema. "Mwanamke na nyaya wapi na wapi! Mjomba alikudekeza, mama wee."

Serwaa akaufunga mdomo. Haya, baba, utapata unachokitaka.

"Nikuulize tena, mume wangu. Fupi kabisa?"

"Fupi kabisa."

"Stesheni za mbali zitakukimbia."

"Nina kanda zangu. Funga!"

Alifanya kazi safi, hilo hakuna wa kumsingizia. Alilegeza nati taratibu, akavuta waya, akaweka mpira mpya maji yasipenye, akakifunga kile kidole gumba wima. Redio ikakwaruza lakini ikashika. Kisha akainua ile ndefu. Pale Suame kitu kilichotolewa ni cha fundi, mwenye gari asipokidai, ila Serwaa alitaka kulisikia hilo likisemwa.

"Na hii?"

"Nikazikwe nayo? Tupa huko!"

"Badu, umesikia?"

"Nimesikia," alijibu kaka yake kutoka chini ya pikapu yake.

Jumamosi asubuhi ua ulijaa watu na magari. Pijo iling'aa mbele ya yote, na Amponsah kajiegemeza pale na chupa ya tambiko mkononi, maana mrithi ndiye anayeibeba, tena ndani ya gari la mbele. Mkuu wa ukoo, mzee Gyasi, ndugu yake Eno Pokuaa, akatoka na kitambaa chekundu. Akalizunguka gari. Akalizunguka tena.

"Antena iko wapi?"

"Hiyo hapo, babu."

Mzee akafunga kitambaa, kikateleza. Akafunga tena, kikaanguka mavumbini. Watu wakaanza kukohoa kikohozi cha kicheko.

"Tufunge kwenye kioo cha pembeni," Amponsah alisema, jasho limeanza kumtoka.

"Kwenye kioo? Namzika dada yangu au naanika soksi?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Hapo ndipo pikapu ya Badu ilipoingia, Serwaa kakaa mlangoni, na juu ya pikapu antena ndefu yenye utepe wa buluu na ncha iliyopinda. Mzee Gyasi aliisogelea, akaigusa.

"Hii si ya Dwomoh?"

"Ni yake, baba," Serwaa alisema. "Mrithi wake aliniambia nitupe. Mimi sikuweza."

Mzee akamgeukia Amponsah. "Ulisema hivyo?"

"Ni antena tu, babu!"

"Antena tu," mzee alirudia. Akakiokota kitambaa, akakikung'uta, akakifunga kwa mafundo mawili. Upepo ukakichukua papo hapo. "Mwana atamtangulia mamake. Badu, washa gari."

Mzee akapanda, akaketi katikati. Amponsah akaja mbio na chupa yake.

"Mke wangu, sogea kidogo. Chupa hii lazima iwe mbele."

Serwaa alitoa mkono dirishani. Mzee Gyasi akaitikia kwa kichwa, na chupa ikahama mikono. Serwaa akaipakata mapajani, kisha akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwa wapishi:

"Mume wangu, hili gari lina mwenyewe. Nyuma kuna nafasi."

Wanawake waliokuwapo siku ile ya Dwomoh ndio waliopiga vigelegele kwanza. Amponsah alibaki kasimama mkono mtupu. Alipokumbuka kuirudia Pijo, magari mengine yalikuwa yamekwisha kujipanga, akapewa nafasi ya mwisho kabisa, nyuma ya lori la viti.

Barabara ilikuwa kavu. Kwenye kioo Serwaa aliliona vumbi jekundu likipanda, na mwisho wake kitu kilichokuwa kinang'aa asubuhi. Alisikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu, wala hakuona aibu.

"Punguza mwendo, kaka," alisema.

"Kwa heshima ya marehemu?"

"Kwa heshima ya marehemu. Na yule wa nyuma ale vumbi ashibe."