Mvumo wa Nyuma ya Pikapu

Rwegoshora alikuwa ameshakata tamaa na pikapu yake, na ukweli ni kwamba alianza kuichukia. Mwezi mzima ilikuwa ikivuma huko nyuma, vuuuu, kila alipochanganya mwendo. Fundi Adelard wa Nkwenda alipanda naye mbele, akasikiliza, akatamka neno moja lililomnyima usingizi: difu. Difu nyingine, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, hakuwa na uwezo wa kuinunua. Ndiyo maana mchana huo Mwesiga, mlanguzi wa ndizi, alikuwa akimsubiri Nkwenda alichukue gari kwa bei ya kutupa. Na mkewe, Ainembabazi, alikuwa hukohuko kwa shangazi yake, na kichanga ambacho hata jina hakijapata. Baba bila gari, bila kazi. Makaribisho gani hayo kwa mtoto?

Katika safari hiyo ya mwisho alimbeba mama mkwe wake, Anatolia, kutoka Kimuli kwenda kumwona mjukuu. Alimbeba nyuma, bila shaka. Kiti cha mbele kilikuwa wazi, lakini kwa watu wa kwao mkwe na mama mkwe hawakai bega kwa bega, hawatazamani usoni, wala hawapigi soga. Tangu harusi mama huyo alisafiri nyuma kila siku ya soko, kati ya mikungu ya ndizi, na maneno yao yote yalipitia kwa Ainembabazi. Leo mjumbe hakuwepo.

Walipomaliza mteremko mrefu, paa la gari likagongwa, ko ko ko. Rwegoshora akasimama, akashuka, akayatazama matairi ili asimtazame yeye.

"Kuna shida, mama?"

Anatolia alibaki ameangalia pembeni. Alimgeukia kuku aliyekuwa amempakata, zawadi ya mzazi.

"Wewe kuku, hivi mwenye gari anajua kwamba kelele yake iko upande wa kulia? Hapa hapa nilipokaa. Mwambie si katikati."

Rwegoshora alimtazama kuku. Kuku naye akamtazama.

"Kuku, muulize mama," alisema, akijiona mjinga, "nikiachia mafuta kwenye mteremko, inanyamaza?"

"Mwambie hainyamazi. Mwambie tukikata kona ya kushoto, gari likaniegemea huku kulia, inanguruma mpaka meno yananicheza. Kona ya kulia inapoa. Siku zote naisikia. Ningemwambia nani? Binti yangu alikuwa na tumbo lake, sikutaka kumwongezea mawazo."

Rwegoshora alipiga hesabu haraka. Difu iko katikati, na mara nyingi kelele yake hufuata mguu wa dereva: akikanyaga mafuta inalia hivi, akiachia inalia vile. Hii ilifuata uzito. Alimwomba mama, kupitia kuku, ashuke. Akaweka mawe kwenye matairi ya mbele, akapiga jeki nyuma upande wa kulia, akalizungusha gurudumu kwa mkono mmoja huku kiganja cha pili kikiwa juu ya springi. Springi ikatetemeka, na ndani mlikwaruza kama mtu anasaga mtama. Akahamishia jeki upande wa pili; la kushoto lilizunguka kimya.

"Ni beringi ya gurudumu!" alipiga kelele, akimtazama mama mkwe wake machoni kabisa, adabu imemtoka kwa furaha. Beringi aliimudu! Anatolia alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Kule Nkwenda, Adelard alichomoa ekseli, akaonyesha beringi iliyolika.

"Mimi nilisikilizia mbele," alisema, akijikuna kichwa. "Ukiwa mbele, kila kitu ni difu."

Mwesiga aliambiwa gari haliuzwi, akaondoka amenuna.

Beringi mpya ilipokaa, wakaondoka kuelekea kwa shangazi. Rwegoshora aliendesha ametega masikio. Kimya. Akachanganya mwendo. Kimya bado. Ghafla, ko ko ko. Akakanyaga breki. Alishuka mbio, macho chini.

"Kuku, muulize mama, inavuma tena?"

"Mwambie haivumi," alisema Anatolia. Kisha akamweka kuku pembeni, akasema bila mjumbe, taratibu, akitazama migomba ya ng'ambo: "Imenyamaza, mwanangu. Twende tukamwone mtoto."

Tangu aoe, Rwegoshora hakuwahi kuitwa hivyo na mama huyo. Alirudi kwenye usukani, akafuta macho kwa mkono wenye grisi.