Mlango Unaotazama Ziwa

Simu ya Alima ina majina mengi kuliko parokia yetu nzima. Kila asubuhi anakaanga mandazi kando ya barabara, na kila anayenunua huondoka na salamu, na namba ya simu, na swali juu ya usingizi wake. Ukitoka naye sokoni kwenda nyumbani, jaza tumbo kwanza, maana kila mahali yupo wa kumwita "mama yangu" na kumshika mkono. Mimi nina marafiki wawili tu. Mmoja ni Alima. Wa pili ni Kambale, mume wangu, siku ambazo hajanikasirisha.

Jambo hili tumebishana miaka mingi, mimi Émérance, Mnande wa Butembo nisiyekosa misa, na yeye, binti wa Waislamu wa Maniema. Mimi husema wale si marafiki, ni watu wa kujuana tu. Yeye husema nina roho ya kubana. Mimi humjibu kwamba roho yangu ina chumba na sebule kama nyumba yangu, sina pa kuwalaza watu wote wa Goma. Hapo huwa anacheka na kunipa andazi lililoungua.

Basi mwaka huu tukapata nafasi ya kujua nani anasema kweli. Alima ana nyumba ya mbao, aliyoijenga marehemu mumewe, Yakubu, kwa mikono yake mwenyewe kabla binti yao Aziza hajazaliwa. Nyumba ilikuwa yao, lakini ardhi ilikuwa ya kupanga. Hapa kwetu hilo si ajabu. Nyumba ya mbao unaing'oa, unaibeba, unaisimamisha mahali pengine, na Alima alikuwa amekwisha kupata parseli, kipande chake mwenyewe cha ardhi, mtaa wa Mabanga. Alitaka kuhama polepole baada ya harusi ya Aziza. Lakini mwenye ardhi akaleta mawe yake ya kujengea mapema, akasema Jumamosi jioni anataka kuona uwanja mtupu. Na Jumapili wakwe walikuwa wanakuja kutoka Kiwanja kuleta mahari.

Nilimwambia awapokee wakwe kwangu. Akakataa.

"Émérance, mutoto atatoka mu nyumba ya baba yake," alisema. "Yakubu hayuko tena, lakini mbao zake ziko."

Kwa hiyo kazi ilikuwa hiyo: kuibomoa nyumba ya Yakubu asubuhi na kuisimamisha Mabanga kabla ya giza, la sivyo Aziza angeposwa kwenye nyumba ya watu.

Ijumaa Alima akawaandikia watu wake wote. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaisikia simu inalia kama kuku anayetaka kutaga. Tuko pamoja, mama. Mungu atatenda. Tuko nyuma yako. Mmoja alituma mikono miwili ya kusali. Mwingine aliuliza kitenge cha Jumapili ni cha rangi gani.

"Unaona?" Alima akaniambia. "Bote banasema tuko pamoja."

"Ngoja kesho," nikasema.

Kesho yake alfajiri tulikuwa wanne: Alima, Aziza, mimi na Kambale. Kambale ni seremala. Kabla ya kung'oa msumari wowote alipita na kipande cha mkaa akiandika alama juu ya kila ubao, ili kila mmoja urudi kwa jirani yake. Alima alikuwa anatazama barabarani kila mara. Nilikuwa nakasirika kwa niaba yake, na hasira yangu ikawa na faida, maana niliing'oa misumari kwa nguvu ambayo sikujua ninayo.

Jua lilipopanda akafika mtu wa tano, na nilipomwona nilijikaza nisicheke. Alikuwa Fabiola, msichana wa ofisini anayenunua mandazi kila siku akienda kazini, mwenye viatu vyeupe na kucha ndefu zenye rangi.

"Mama Émérance, nifanye nini?"

"Unajua kupiga nyundo?"

"Hapana."

"Basi ulikuya kufanya nini?"

"Kazi yoyote ile utanipa."

Nikampa kazi ya kumfukuza. Misumari ya Yakubu ilikuwa bado mizima ila imepinda yote, ndoo nzima. Nikamwekea jiwe na nyundo, nikamwambia ainyooshe mmoja mmoja. Nilimpa muda wa kuimba wimbo mmoja, kisha atakumbuka ana mgonjwa wa kutazama. Punde nikasikia amejigonga kidole gumba. Akakifunga kwa kitambaa chake cha kichwani, akavua vile viatu vyeupe, akaendelea.

Mbao tulizipakia kwenye chukudu, zile baiskeli za kusukuma za magurudumu mawili ya mbao zinazobeba kila kitu katika mji huu, na wasukumaji wakatangulia Mabanga, sisi nyuma yao, Fabiola na ndoo yake. Huko tukakuta shida. Mbele, kati ya barabara na parseli, kulikuwa na mtaro mpana na mawe ya volkano yenye ncha; mtu wa miguu anaruka, chukudu haiwezi kupita. Ndipo akatoka jirani wa upande wa nyuma, Mama Uwitonze, mtu ambaye hatukuwahi kumwona, mtoto mgongoni. Akaanua maharage yake yaliyokuwa juani, akasogeza ua lake la matete.

"Mupite hapa kwangu," alisema. "Chini ni laini."

Kutwa nzima tulipita kwake. Tulipita na mbao, na mabati, na kitanda, na sufuria za pilau, na yeye akawa anatuchekesha kila tunapopita. Wa "tuko pamoja" mmoja tu alionekana. Alisimamisha pikipiki kwenye njia ya kwa Mama Uwitonze, akasema kuraji, mama, yaani jikaze, akapiga picha, akaenda zake.

Kambale alipomaliza kupanga mawe ya msingi aliniuliza, "Mulango iangalie wapi?"

Mimi ndiye niliyejibu, na nilijibu haraka, kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kushuka.

"Sawa zamani. Mulango kwa ziwa, mugongo kwa volkano."

Ndivyo tunavyojua mahali tulipo hapa Goma. Nyiragongo iko kule, ziwa liko huku, na mtu hapotei. Nyumba ya Yakubu ilikuwa imetazama ziwa siku zote. Kambale akaitikia, akaanza kupiga, na alama za makaa zikafuatana vizuri kabisa, kila ubao na jirani yake.

Mchana nilimpelekea Fabiola chai. Ndoo ilikuwa karibu kwisha.

"We unanunuaka tu mandazi kwake," nilimwambia. "Juu ya nini ulikuya?"

Akafikiri kidogo. "Asubui ananiulizaka kama nililala muzuri. Toka nifike Goma, hakuna mutu mwengine ananiulizaka."

Nilirudi kazini. Nilikuwa nimeudhika, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumpenda.

Bati la mwisho lilipigiliwa matone ya kwanza yakianguka. Tukaingia ndani wote, hata Mama Uwitonze na mtoto wake, tukasimama tukisikiliza mvua juu ya bati la Yakubu, na Aziza akapitisha mkono ukutani kama anayempapasa mtu. Nyumba ilikuwa imesimama. Nilijisikia mkubwa sana. Nikajifunika kitenge kichwani, nikatoka kwenda kuokota nyundo iliyosahauliwa nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba nikakuta barabara.

Nikaitazama barabara, nikageuka kuitazama nyumba kutoka pale, jinsi wakwe watakavyoitazama kesho. Nikaona ukuta. Ukuta mzuri ulionyooka, usio na mlango wala dirisha. Kutwa nzima tulikuwa tumepita kwa jirani hadi tukasahau kwamba mbele ni huku, na mimi nikaipa barabara mgongo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilimwita Kambale. Akasimama mikono kiunoni, maji yanamtiririka.

"Naweza kata mulango hapa," akasema polepole. "Lakini hizi mbao zitaharibika. Na kwa hii mvua, leo haiwezekane."

Alima akatufuata kuona tunabishana nini. Sikumficha.

"Ni mie, Alima. Ni mie nilisema mulango kwa ziwa."

Akautazama ukuta. Akaitazama barabara. Mimi nilikuwa nangoja maneno yangu, na nilikuwa tayari kuyapokea, kwa sababu kama ingekuwa ni yeye aliyekosea ningemwambia mpaka Pasaka. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikamshika mkono, kumbe anacheka. Alicheka hadi akakaa chini juu ya mawe yenye maji.

"Yakubu angekufa mara ya pili," alisema.

Kambale akashindwa kujizuia. Fabiola akatoka, akaona, akacheka bila kuuliza. Tukacheka hadi mbavu zikauma, watu wazima, tumelowa, mbele ya nyumba isiyo na mlango. Nilimpenda rafiki yangu saa ile kuliko siku zote nilizomjua.

Jumapili jua lilitoka safi. Na wale wa "tuko pamoja" wakaja, siwezi kuwanyima haki yao, wakaja wote, na walipendeza. Mimi nilikuwa ndani nageuza pilau niliposikia sauti nyingi nyuma ya ukuta. Simu ya Alima ilikuwa inalia ndani ya sanduku lililo chini ya masanduku mengine. Kisha nikasikia gari linasimama, na sauti nzito ya mzee ikitoa salamu. Wakwe walikuwa wamefika.

Nilibandika jicho kwenye upenyo wa mbao. Muzee Shukuru, baba mkubwa wa bwana harusi, alikuwa amesimama na kofia yake nyeupe, kamba ya mbuzi mkononi, anautazama ukuta.

"Ni hapa kwa mama Alima?" aliuliza.

"Ni hapa, muzee," wakajibu kwa pamoja. "Sisi ni batu bake."

"Mulango iko wapi?"

Wakatazamana. Kulikuwa na watu pale wanaomwita mama yangu kila siku ya Mungu, na mmoja alimwangalia mwenzake, na mwenzake akaangalia simu. Muzee akangoja. Kwa kuwa hakupata jibu akasogea, akabisha kwa heshima juu ya ubao, mbele ya pua yangu. Nilitamani ardhi inimeze na sufuria yangu.

Ndipo nikamwona Fabiola anatokea pembeni mwa nyumba, kitambaa kwenye kidole, hana viatu, anatembea kama mwenye nyumba.

"Karibuni, bazee," alisema, akapiga goti kidogo. "Kwetu mugeni wa heshima anapitaka kwanza kwa jirani, kisha njo anaingia. Munifuate."

Desturi hiyo haikuwahi kuwapo Goma, wala Maniema, wala kwetu Butembo. Ilizaliwa pale pale, na ilizaliwa ikiwa na meno yote. Muzee Shukuru akaitikia kwa kichwa kama aliyekuwa ameisikia tangu utoto, akavuta mbuzi wake, na msafara wote ukamfuata Fabiola: wakwe, vitenge, marashi, mbuzi. Wakazunguka hadi uani kwa Mama Uwitonze. Yeye hakuwa ameambiwa kitu. Lakini alipoona wageni wanaingia kwake akaleta maji ya kunawa, akapiga vigelegele, na majirani zake wakavipokea, hata sisi ndani tukavipokea. Wakwe waliingia kwetu wakiwa wanacheka tayari.

"Nimeona jirani mbele ya kuona nyumba," Muzee Shukuru alisema alipokaa. "Familia hii nimeipenda."

Mahari ilipokelewa bila ugomvi hata wa kijiko. Aziza alipoitwa alitokea kwenye mlango wa baba yake, akasimama kwenye kizingiti, jua usoni, na ziwa linaonekana chini kati ya mabati ya Mabanga. Alima alilia waziwazi. Mimi pia nililia, na mtu akisema ulikuwa moshi wa kuni, mwacheni aseme. Wale wa "tuko pamoja" wakala pilau vizuri, wakacheza vizuri, wakashukuru, wakaenda. Sina neno nao. Sherehe bila wao ingepoa.

Jumatatu Kambale alikuja na msumeno. Alikuwa amepima usiku kichwani mwake wapi pa kukata, hasara iwe ndogo. Tulikuwa tumekaa mlangoni, mimi na Alima, tunachambua mchele uliobaki.

"Sasa sema," nikamwambia. "Nani alisema kweli, mie ao we?"

"We ulisema Fabiola ni mutu wa mandazi tu."

Nikachambua mchele.

"Mama Alima, nianzie pa kona?" Kambale akauliza.

Alima akainuka, akaingia ndani hadi kwenye ule ukuta wa barabarani, akauwekea kiganja. Kule nje mtu mmoja alikuwa anapita, akamwita kwa furaha kupitia mbao, mama yangu, habari ya sherehe. Alima akamjibu kwa furaha ile ile. Mtu akaenda zake.

"Acha vile," akamwambia Kambale. "Mwenye kutaka salamu, atanikuta ku barabara. Mwenye kunitaka mie, atazunguka."

Kambale akaniangalia. Nikamwambia arudishe msumeno kwenye mfuko wake wa kazi. Hakuwa bado amefunga mfuko tuliposikia Mama Uwitonze anaongea na mtu uani kwake, na Fabiola akapita kwenye matete, akaingia bila kuita, akauliza kama pilau imebaki.