Kunguru Akataa Ngazi

Shemeji yangu alikuwa fundi wa kuezeka, na mtaa mzima ulimwita Kunguru, maana ukimtaka ilibidi utazame juu. Nyumba alizoezeka zilikuwa nyingi hata mawingu yakipita yalimwamkia. Hilo mkitaka msiliamini. Lakini haya mengine niliyaona, kwani ngazi niliishika mimi.

Dada yangu, mkewe, alimwombea aokoke miaka thelathini. Kunguru alikuwa na jibu moja tu, alilikongomea kama msumari:

"Yule mnyang'anyi msalabani alitubu lini? Dakika ya mwisho! Na peponi akaingia. Mimi nami dakika yangu naitunza."

"Na isipokuja?"

"Kila mtu anayo, mama watoto. Wewe nitengee maji nikaoge."

Baada ya mvua kubwa, kanisa letu likaanza kuvuja. Kunguru akachagua kuliziba Jumapili, saa ya ibada, eti waumini wamwonyeshe panapodondoka. Nijuavyo mimi, alitaka tu dada asipate la kusema kwamba haji kanisani. Mchungaji akawa anahubiri, na juu kunajibu ko, ko, ko.

Mara bati bovu likaachia. Kunguru akapasua dari, akaja na vumbi lote la tangu kanisa lijengwe. Kwa kishindo kile, kuku wa mtaa wa pili hawakutaga wiki mbili. Bahati yake, mkanda wa vifaa ulinasa kwenye boriti, akabaki ananing'inia juu ya mimbari, kichwa chini miguu juu, kama popo aliyechelewa ibada.

Nikaingia mbio na ngazi, nikaisimamisha chini yake. "Shemeji, shika hapa ushuke!"

"Sishuki."

"Umegonga kichwa?"

"Nyamaza, shemeji. Dakika ya mwisho nimeiona sasa hivi. Miaka yote hiyo nimeitunza, imekuja, na unajua nilisema nini? 'Nyundo yangu!' Basi. Mungu hakunipitia hata akilini."

Mkanda ukalia kriii.

"Baba watoto, shuka kwanza!" dada akalia. "Utatubu huku chini!"

"Najijua mimi. Nikikanyaga sakafu nitakwambia 'kesho'. Niache."

Akafumba macho, mikono inaning'inia, na bila kufundishwa na mtu akasema: "Bwana, paa la nyumba yako nimelipanda mara saba, mlangoni sijaingia hata mara moja. Nimekukimbia nikiwa juu ya kichwa chako. Nisamehe, kwa ajili ya Yesu. Nipokee leo."

"Amina!" akasema mchungaji, na mkanda ukakatika.

Kunguru alituangukia mimi na mchungaji, tukaviringika mpaka benchi la mbele. Wa kwanza kusimama alikuwa yeye. Dada akamshika mashavu yale yenye vumbi.

"Haya, sakafu umeikanyaga. Unasemaje?"

"Ni leo, mke wangu. Ni leo!"

Ndugu zangu, vigelegele vile! Watu walikumbatiana hata wale wasiosalimiana. Mimi niliyekuwa nimeshika ngazi nilikumbuka kwamba nami nilikuwa na dakika yangu mahali fulani, nikapiga magoti palepale kwenye vipande vya dari. Dada akaanzisha wimbo, na tuliuimba kwa nguvu hata mabati mengine manne yakang'oka, jua lote likaingia kanisani, na hakuna fundi, hata Kunguru mwenyewe, aliyetaka kuuacha wimbo apande kuyarudisha.