Nguzo ya Arobaini na Moja

Maji ya kwanza yalitoka saa nne asubuhi, membamba kama uzi, pale pale kwenye nguzo ya arobaini na moja. Moyo ukanilipuka paa!

"Mbona ni safi," msimamizi alisema akichungulia shimoni. "Ukuta wowote hutoa jasho. Chimbeni."

Haya, mkubwa keshasema. Lakini nguzo ile niliitengeneza mimi. Kazi yangu ni kuendesha mashine inayochanganya udongo na saruji humo humo ardhini: keekee kubwa inashuka mita kumi na mbili, inapanda ikikoroga, nguzo baada ya nguzo, kila moja ikila ubavu wa mwenzake, mpaka unapata ukuta wa kuzuia udongo na maji. Saruji ikikatika njiani, sheria ni moja: unarudi chini mita moja, unaanza upya, pasibaki pengo. Siku ile bomba liliziba nikiwa mita nane. Lilipozibuka, njaa inaniuma, mvua inanyemelea, nikasema aa, saruji ilikatika dakika nne tu, nani ataona? Nikaendelea kupanda. Daftarini nikaandika "sawa". Mjinga mimi!

Leo shimo linalochimbwa mbele ya ukuta lilikuwa limefika mita nane. Na aliyesimama mbele ya nguzo ile, sepetu mkononi, akiimba vibaya kama kawaida yake, ni shemeji, mume wa dada yangu.

Nikisema, kazi sina. Nikanyamaza, na hata sasa naona aibu kulikiri hilo. Macho yangu yakaganda kwenye ule uzi, maana maji safi yanapita tu, ila yakiwa na rangi yanabeba udongo wa nyuma ya ukuta. Yakaanza kuwa ya rangi ya chai.

"Shemeji, toka! Tokeni wote! Nguzo hiyo ina pengo, niliandika uongo!"

"Acha utani wako," akacheka.

"Toka, we mwanaume! Dada yangu asije akawa mjane!"

Nadhani sauti yangu ndiyo iliyomtisha. Alitupa sepetu, akawafuata wenzake ngazini. Alikuwa hajamaliza kupanda ngazi wakati ukuta ulipopasuka, tope likamwagika na kufukia pale alipokuwa amesimama.

Msimamizi hakunitukana. Alinyoosha mkono, nikampa funguo za mashine.

Shemeji alikaa chini. Nilimwomba msamaha. Hakuniangalia.

"Asubuhi walinipanga upande wa pili," alisema. "Mimi ndiye niliyekataa. Niliwaambia huku nguzo ni za shemeji yangu, huku nitachimba bila wasiwasi."